Koti la Baba Kwenye Uwanja wa Watu

Varnell, Iowa
26 Oktoba 1997

Mpwa wangu Lorna,

Nianze na salamu kabla sijaanza na hasira, maana mama yako, Mungu amlaze pema, aliwahi kunirudishia barua nzima kwa sababu niliingia na malalamiko bila kumuuliza hali. Haya, hujambo? Wanafunzi wako wa huko Alaska hawajambo? Hapa mahindi yamebaki mashamba machache tu, na malori yamepanga foleni kwenye ghala la nafaka mpaka kanisani. Tangu nistaafu huwa napita pale asubuhi kunywa kahawa na kuwaambia vijana jinsi wanavyokosea. Goti langu ndilo linanisumbua. Limenikosesha safari tatu za ugenini msimu huu, Leland na mkewe Arvilla wameenda bila mimi.

Sasa hasira. Utakuwa umesikia. Kamati ya michezo ya vyuo imetangaza kwamba timu yetu ya chuo ya mpira wa Kimarekani ilikuwa na mtu anayekwenda kwenye mechi za wapinzani, anakaa na mashabiki, anawarekodi kwa kamera ya video makocha wao wakati wanawapa wachezaji ishara za mikono. Eti ndiyo maana Wahunzi wetu msimu huu wanajua mpira unakwenda wapi kabla haujaenda. Yaani miaka thelathini tunafungwa hakuna aliyeuliza kwa nini tunafungwa. Tumeshinda mechi saba mfululizo, wameunda kamati.

Leland Gantz amepiga simu redioni mara nne. Unamkumbuka alivyo, jirani yangu wa kiti miaka ishirini na sita, uwanjani hawezi kukaa kimya hata wakati wa sala. Mtangazaji akamwambia, "Mzee Leland, uliongea jana." Akajibu, "Jana nilikuwa sijakasirika vizuri." Kanisani mchungaji aliomba ukweli udhihirike, na nakwambia, nusu ya watu hawakuitikia amina.

Wamemsimamisha kazi Nadine Pruitt, anayetunza chumba cha kanda za video za timu. Kanda tatu za ishara hizo zimekutwa kabatini kwake.

Kula vizuri, na ulale na soksi.

Mjomba wako,
Verlyn

*

Tanik, Alaska
14 Novemba 1997

Shikamoo mjomba,

Barua yako imeingia jana kwa ndege, pamoja na viazi na mchungaji mgeni. Mimi mzima. Watoto wazima, ila wamegundua kwamba nikijikuna sikio ndipo ninapotaka kuwapa jaribio, na sasa darasa zima linafungua madaftari kabla sijasema neno. Ukitaka kujua uchungu wa kuibiwa ishara, njoo ufundishe darasa la sita.

Goti likandwe kwa maji ya moto. Usiniambie umekanda kama hujakanda.

Hapa nina mwalimu mwenzangu wa hesabu, Gil Pomeroy. Nilikuwa namwona mtu wa maana mpaka nikajua kwao ni Ostrander. Ndiyo mjomba, Ostrander haohao wapinzani wetu wakubwa. Tangu Oktoba hakuna amani kwenye chumba cha walimu. Nikiingia anaziba kikombe chake kwa mkono. "Samahani," anasema, "nafundishwa kuficha mambo nikiona mtu wa Varnell." Mama yake anamtumia magazeti ya kwao, na wiki iliyopita alinibandikia ukurasa mzima mlangoni.

Ule ukurasa una picha. Imepigwa kwenye uwanja wa Marl, wapinzani wetu wengine, Septemba, siku ambayo sisi tulikuwa ugenini kwingine. Mashabiki wote wamekaa, wamevaa bluu. Mzee mmoja amesimama peke yake katikati yao, kofia ya bluu kichwani, kamera inaning'inia shingoni, na anapiga ngumi kwenye kiganja. Gazeti linasema spika ya uwanja ilikuwa imetangaza kwamba Wahunzi wanaongoza, na huyo mzee akajisahau, akasimama kupiga nyundo zetu tatu, pa pa pa, katikati ya watu wa Marl. Gil alicheka mpaka akakaa chini. "Jasusi gani huyu," anasema, "anashangilia kazini."

Picha imepigwa kwa nyuma, uso hauonekani. Linaonekana koti la kahawia. Kola yake imeshonewa kiraka cha njano chenye matunda mekundu.

Mjomba, lile koti la baba, ambalo mama alilitia kiraka kwa pazia la jikoni, bado liko kwako?

Mpwa wako,
Lorna

*

Varnell
30 Novemba 1997

Mpwa wangu Lorna,

Nimefurahi uko salama na viazi vimefika. Alhamisi ya Shukrani nilikula kwa akina Gantz kama kila mwaka. Bata mzinga alikuwa mkavu, lakini Arvilla alikuwa ananitazama, nikaongeza mara mbili. Pai ya maboga ilikuwa nzuri.

Basi ungekuwepo Jumamosi ile walipokuja Ostrander. Tulianza kuchoma soseji kwenye maegesho saa mbili asubuhi, na wenzetu wakaja na mabasi, kila mmoja kajitengenezea darubini ya mirija ya karatasi ya chooni. Mashabiki elfu tano wanakuchungulia kwa mirija. Vijana wetu nao wamechapisha fulana, TUNAONA KILA KITU, zimeisha kabla ya saa nne. Nikamwambia Leland hilo la fulana si jambo la kujivunia. Akaniuliza, "We upo upande gani?" Kisha tukawafunga, pointi 20 kwa 17, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Leland alilia, Lorna. Mtu wa miaka sabini na moja alinishika kola akalia kama mtoto. Mechi tisa tumeshinda. Sijui kama nitaishi kuuona tena msimu wa namna hii.

Kuhusu koti, nililitoa kanisani kwa wahitaji, mwaka juzi nadhani. Huyo atakuwa mtu aliyelichukua. Makoti yanasafiri.

Nadine hajarudi kazini. Kocha msaidizi, Roy Tidwell, aliyekuwa akisimamia mambo ya kanda, amepata kazi Texas na ameondoka. Ameiandikia kamati kwamba yote yalikuwa mpango wa Nadine. Kuna mtu amelichafua kwa rangi sanduku la barua la Nadine. Mumewe hanywi tena kahawa na sisi.

Theluji imeanguka kidogo. Goti halijambo.

Mjomba wako,
Verlyn

*

Tanik
8 Januari 1998

Mjomba,

Barua yako ilikaa wiki nne Anchorage kwa sababu ya dhoruba. Nimeisoma mara tatu. Sisi wazima. Sina habari nyingine za nyumbani leo.

Hukulitoa koti kanisani mwaka 1995. Krismasi ya 1996 nilikuwa kwako na ulilivaa kusafishia theluji mbele ya mlango, nikakupiga picha. Ninayo hapa mezani.

Mimi nimekulia uwanjani, kwenye safu ya thelathini na moja, katikati yako na Arvilla. Wewe ndiye uliyenifundisha kupiga nyundo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Sina haki ya kukuhukumu kwa kuipenda timu, na kama jambo lingekuwa kanda tu, ningekutania miaka kumi kisha nikaacha. Lakini kuna mama wa watu amekaa ndani ya nyumba yake na sanduku la barua limepakwa rangi. Nadine ndiye aliyekuwa anakuja kila Jumanne kumwosha mama nywele, alipokuwa hawezi kuinua kichwa. Mimi na wewe tulikuwa tunatoka nje kwa sababu hatukuweza kutazama. Yeye aliweza.

Sitamwambia mtu. Gil sijamwambia, na picha nimeitoa mlangoni. Ila siwezi kukuandikia habari za watoto na theluji kana kwamba hatujui tunachokijua. La kuvunda halina ubani, mjomba. Ukiwa na neno la kweli niandikie. Kama huna, nitajua kwa ukimya.

Nakupenda, na nimekasirika.

Lorna

*

Varnell
22 Februari 1998

Lorna,

Nimeianza barua hii mara sita. Nadhani mama yako angenisamehe leo nisipouliza hali.

Ni mimi.

Roy Tidwell alinikuta kwenye ghala, Agosti mwaka jana. Alijua jina langu. Miaka arobaini na tatu naenda kwenye uwanja ule na hakuna kocha aliyewahi kujua jina langu. Akasema, "Mzee Verlyn, timu inahitaji mtu makini." Basi. Angeniambia nibebe gogo mpaka Chicago ningebeba. Alinipa tikiti za mechi tatu na kamera, akanionyesha kitufe. Kazi ni kumlenga kocha anayetoa ishara, kisha kugeuza kamera kwenye ubao wa matokeo wenye saa ya mchezo, ili wao wajue ishara ipi ilileta mchezo upi. Kanda nilimkabidhi yeye mwenyewe mkononi, kwenye maegesho ya kanisa. Nadine hakuwahi kuzishika. Hata kunijua kama mpiga picha hakunijua. Nani alizitia kabatini kwake sikuona, ila mikono iliyozipokea naijua.

Goti langu halina kitu. Niliwadanganya Leland na Arvilla ili wasiniulize kwa nini siendi nao ugenini.

Unaweza kusema sikujua ni kosa, na mimi mwenyewe nimejaribu kulisema hilo kwenye kioo. Lakini Tidwell alinipa kofia ya bluu, ya Marl. Mimi, Lorna, ambaye sijawahi kununua hata gari la rangi ile. Niliivaa ndani ya gari, nikajitazama, nikajua. Mtu mwenye shughuli halali havai kofia ya watu wengine. Nikashuka nikaenda kukaa. Na mtangazaji alipoisema ile alama yetu, miguu ilisimama yenyewe.

Kikao cha kamati ni tarehe 20 Machi hapahapa chuoni. Watamfukuza Nadine moja kwa moja. Nikisema kwamba kocha alinituma, Nadine atapona, na ushindi wote tisa utafutwa, pamoja na ule wa Ostrander. Nitakuwa mtu aliyemfutia Leland siku ile. Sina mke wala mtoto. Nina wewe, mbali, na nina wale watu wawili wa viti vya pembeni. Ninaogopa. Nilifikiri uzee unamaliza woga, kumbe unaupunguzia tu vitu vya kuogopa, na vinavyobaki ni vikubwa.

Sijui nitafanya nini.

Verlyn

*

Tanik
4 Machi 1998

Mjomba wangu mpendwa,

Ndege inaondoka baada ya saa moja na rubani amesema ataisubiri barua hii nikimpa mkate, kwa hiyo naandika huku unga uko mikononi.

Asante kwa kuniambia. Nimelia, kisha nikacheka kidogo kuhusu miguu, unisamehe.

Sikuamrishi kitu. Wewe ndiye mjomba. Nakuomba moja tu: kama utakwenda, waambie Leland na Arvilla wewe mwenyewe kwanza, jikoni kwao, wasije wakasikia redioni. Na jua kwamba vyovyote iwavyo tarehe 20, Juni nakuja kukaa kwako kiangazi chote. Hata kama mji mzima hautakusalimia, kutakuwa na mtu wa kukuchomea mkate asubuhi.

Lorna

*

Varnell
29 Machi 1998

Mpwa wangu Lorna,

Natumaini mko wazima wote huko, pamoja na rubani mla mkate. Mimi nalala vizuri. Najua ni jambo la ajabu kulianza nalo, lakini kwa muda mrefu nilikuwa silali.

Barua yako ilifika tarehe 17. Tarehe 18 nilikwenda kwa akina Gantz. Arvilla alikuwa anamenya viazi, Leland anasoma gazeti. Nikasimama mlangoni na koti la baba yako mwilini, nikawaambia yote. Kofia, kanda, goti.

Arvilla akaweka kisu chini. "Yaani nimekupikia supu ya goti."

"Ndiyo."

"Mara tatu, Verlyn. Nimekuletea mpaka kitandani."

"Ilikuwa nzuri," nikasema.

"Nyamaza." Akakiokota kisu akaendelea kumenya, viazi vikawa vidogo sana. Leland hakusema kitu. Lorna, mtu yule anaongea hata akiwa usingizini. Aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, na nikasikia gari lake likiondoka.

Ijumaa nilikwenda kwenye kikao. Watu watano nyuma ya meza, na Nadine amekaa na mumewe, amevaa nguo ya kanisani. Mwenyekiti akaniuliza mimi ni nani katika timu. Nikamwambia, "Safu ya thelathini na moja, kiti cha kumi na nne." Wakatazamana. Nikawaeleza yote, nikawapa kofia ya bluu kama ushahidi, na sikuwahi kufurahi hivyo kuachana na kitu.

Nje Nadine alinisimamisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani, mjinga mimi. Akasema, "Miezi mitano, Verlyn. Kila asubuhi unapita mbele ya nyumba yangu unaniuliza hali." Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Basi usiniulize tena." Akaingia garini.

Anarudi kazini Jumatatu. Ushindi wote tisa umefutwa. Kocha Mkuu anasema hakujua lolote. Mimi nimezuiwa uwanjani misimu miwili. Mtu amemwaga lori zima la mabua ya mahindi mbele ya mlango wangu. Redioni wameniita msaliti, kibaraka wa Ostrander, na mmoja amesema nilikuwa jasusi wa Marl tangu mwanzo, ushahidi ni kofia. Bibi mmoja ndiye aliyepiga simu kusema, "Angalau yuko mmoja aliyesema," wakamkatia.

Mabua nimeyatandaza bustanini. Ni mbolea.

Nilijua watu wangekuwa hivi. Sikujua tu kwamba kimya cha Leland kingekuwa kizito kuliko lori.

Nakusubiri Juni.

Mjomba wako,
Verlyn

*

Tanik
20 Aprili 1998

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima, barafu ya mto imeanza kupasuka na watoto hawasikii la mwalimu.

Gil amenijia na gazeti jipya la mama yake. Safari hii hakucheka. Nilikuwa nimeshamwambia yule mzee ni wa nani, kwa sababu nilitaka asikie kutoka kwangu. Alilikunja gazeti, akasema, "Kwetu tuna watu elfu themanini uwanjani, na sijui ni nani angesimama mbele ya meza ile." Halafu akaongeza, "Lakini ushindi wetu mmeurudisha, asante." Nimemrushia chaki.

Wape muda akina Gantz. Usiwafuate. Wanajua nyumba yako.

Nimekata tikiti. Tarehe 9 Juni.

Lorna

*

Varnell
13 Septemba 1998

Mpwa wangu Lorna,

Umefika salama? Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke, na mkate wa dukani siuwezi tena, umeniharibu. Nyanya ulizopanda kwenye mabua zimezaa kupita kiasi, nawapa hata watu wasionisalimia. Huwa wanapokea.

Nadine yuko kazini. Ijumaa tulipishana barabarani, yeye na gari lake mimi na langu. Unajua hapa kwetu dereva akipishana na mtu humwinulia kidole kwenye usukani, na tangu Machi yeye alikuwa akipita na mikono imetulia. Sitaki kukuza jambo. Kidole kiliinuka kidogo. Pengine alikuwa anajikuna, lakini mimi nilimwinulia mkono mzima nikakaribia kuingia mtaroni.

Jana ilikuwa mechi ya kwanza. Nilikaa uani na redio, nikiwa nimejiambia kwamba redio inatosha. Kabla ya saa sita lori la Leland likaingia kinyumenyume mpaka kwenye nyasi zangu. Akashuka, hakunitazama. Akashusha jiko la mkaa, viti viwili vya kukunja, na boksi la soseji. Arvilla akashuka na saladi ya viazi.

"Mechi inaanza," nikasema. "Mtachelewa."

"Uwanjani kuna jua," Arvilla akasema. "Goti lako likoje?"

"Arvilla."

"Nauliza tu. Nina supu nyumbani."

Tikiti zao wamewapa watoto wa dada yake. Leland aliwasha mkaa, akafungua kiti, akakaa upande wangu wa kushoto, palepale anapokaa siku zote. Robo ya kwanza yote alipepea mkaa. Tulifungwa mara mbili kabla soseji hazijaiva. Timu ni mbovu, Lorna, nakwambia ukweli, wapinzani wanakwenda kushoto sisi tunakimbilia kulia. Robo ya tatu yule mtoto wa Clausen akadaka mpira na kukimbia nao uwanja mzima, pointi sita, na sote watatu tukasimama na kupiga nyundo, pa pa pa, uani kwangu, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Kisha tukakosa hata ile pointi moja ya nyongeza. Ikaisha 27 kwa 6.

Arvilla akazima redio. Leland akachokoa mkaa. Halafu akaniambia neno la kwanza tangu Machi.

"Sita," akasema.

"Sita," nikamjibu.

"Ila hizi hakuna wa kutunyang'anya."

Akanipa soseji iliyoungua, ile anayoijua kwamba ndiyo ninayoipenda. Jumamosi ijayo watakuja tena, na amesema nikate majani.

Mjomba wako,
Verlyn